Tambuu za Twaiba

Kidole kilianza kama mchezo. Asubuhi moja Kibwana alishuka mnazini, akakaa juu ya kisiki, akasema kidole chake cha pili cha mguu wa kushoto kina baridi. Baridi! Jua la Milalani mwezi wa pili hukausha hata mate mdomoni, na mtu mzima anakwambia kidole kina baridi. Twaiba, mkewe, alicheka, akamshauri akichovye kwenye chai. Kibwana naye akacheka, akawasha sigara. Kicheko hicho Twaiba alikuja kukijutia sana, maana ilikuwa mara ya mwisho wao wawili kuucheka mguu ule.

Mkwezi hana mtaji ila miguu. Kibwana hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na nyayo ngumu na vidole vilivyojua kushika mti, kukaa kwenye vikato vilivyochanjwa mnazini na wazee waliokwisha kufa. Wapelekaji wa madafu kwenye hoteli za Diani walimgombania, kwa kuwa aliweza kukwea minazi thelathini kabla ya adhuhuri. Kila akishuka mti alivuta moja, nawe piga hesabu mwenyewe. Alianza akiwa na miaka kumi na mitano, sasa alikuwa anakaribia arubaini, na hakuna aliyewahi kumkemea, kwa kuwa halewi, haibi, na hampigi mke. Mtu akiwa na ila moja tu, watu wa kwetu humhesabu walii.

Baridi ikawa maumivu, maumivu yakaleta weusi. Wakubwa wakasema amekanyaga. Kwetu mtu akiumwa mguu bila kuanguka wala kujikata kwa jembe, basi amekanyaga kitu alichotegewa, na husuda ya kazi ipo, nani asiyejua? Bi Mwanaima, shangazi yake Kibwana, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mamake kufariki, alimleta mganga kutoka Mkongani. Mguu ukafukizwa, ukasomewa, ukakandwa kwa majani. Wiki tatu zilipita hivyo, na kidole kikanyauka kikawa kama tende.

Ndipo Twaiba aliposema liwe liwalo, akamchukua mumewe mpaka kituo cha afya, Bi Mwanaima nyuma yao akinung'unika. Tabibu wa pale alikuwa kijana wa bara aitwaye Gerishom, mrefu, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa madrasa ingawa alikuwa Mkristo. Aliushika mguu, akabonyeza juu ya wayo kutafuta mapigo ya damu, akahamisha vidole, akabonyeza tena. Hakuyapata. Kisha akauliza Kibwana anavuta sigara ngapi kwa siku.

"Mwanangu," Bi Mwanaima alidakia, "kinachouma ni mguu. Sigara huvutwa kwa mdomo."

Gerishom hakukasirika. Alieleza kwamba tumbaku inaiziba mishipa midogo ya damu, na ya miguuni huziba kwanza. Kidole kile kimeshakufa, kitaanguka chenyewe. Mguu bado unaweza kuokoka, lakini kwa sharti moja tu. "Mzee, mimi sitakudanganya," alimwambia Kibwana. "Ni sigara au mguu. Uchague kimoja, na uchague leo."

Kisha akamtuma Twaiba kwenye dirisha la dawa, na dirishani palikuwa na foleni ya kumpa mtu mvi. Kibwana alibaki mle ndani na Gerishom karibu nusu saa. Alipotoka, Twaiba alimuuliza walikuwa wakizungumza nini muda wote ule.

"Ameniambia niache kuvuta."

"Na nini tena?"

"Basi. Na Alhamisi niende kwenye kikao cha wanaoacha."

Enhe, kikao. Kibwana alikwenda Alhamisi moja, akarudi amekunja uso. Alikuta viti vya plastiki vimepangwa duara, wahudumu wawili wa hoteli, dereva mmoja wa Ukunda, na mwanamke wa bara aitwaye Nafula aliyelia tangu mwanzo hadi mwisho. "Wananiambia nishare," alisema Kibwana. "Nishare nini? Niwaeleze watu nisiowajua kwamba usiku nauma mto? Mambo ya ndani yangu nikayaanike kwenye viti vya plastiki?" Hakurudi tena. Gerishom alipiga simu mara mbili, Kibwana akaitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza.

Kwa hiyo mzigo wote ukamwangukia Twaiba, na Twaiba aliubeba kama alivyojua. Alikwenda kwa Issa mwenye duka, akamwapisha asimuuzie mumewe sigara hata moja. Alikwenda kwa imamu kuomba dua. Alikwenda kwa Abubakar, ambaye yeye na Kibwana walianza kuvuta pamoja wakiwa watoto, akamsihi asivute mbele ya mwenzake. Abubakar alikubali, lakini hakuwa na jingine la kufanya mbele ya Kibwana, kwa hiyo akaacha kuja kabisa. Kibwana sasa akawa hana sigara, hana kazi, hana na rafiki.

Siku tano za mwanzo zilikuwa moto. Kibwana aliyekuwa hapandishi sauti alirusha sahani ya wali ukutani kwa sababu nazi imezidi. Alitetemeka, alitoka jasho, aliamka akakaa kitandani ameshika kichwa. Siku ya nne alilia, na Twaiba hakuwahi kumwona akilia, hata siku walipomzika mtoto wao wa kwanza. Alijisikia hana mikono. Angekuwa anaumwa homa angemkanda, angekuwa na njaa angempikia. Lakini huyu alitaka kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kinamla.

Siku ya sita Twaiba alikuwa ukumbini akifunga tambuu. Hiyo ndiyo kazi yake. Kuanzia Gazi mpaka Shimoni, harusi yenye heshima haikosi tambuu za Twaiba: jani bichi lililofutwa vizuri, chokaa inayopakwa kwa ncha ya kidole, popoo iliyokatwa nyembamba, katu ya kutia wekundu, na tumbaku kidogo kutia ukali. Wengine hufunga tambuu, yeye alikuwa anaziremba. Siku hiyo alikuwa na mia mbili za kumaliza, na Kibwana alikaa mkabala naye, magoti yakimtikisika, akimwangalia mikono.

Twaiba akawaza: mdomo wake umezoea kazi, na sasa umeachishwa kazi ghafla, lazima usumbue. Wazo lilimwangaza moyo. Alichagua jani laini kuliko yote, akalitengeneza kwa mapenzi, akalikunja, akasogea mpaka alipo mumewe, akamtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe kama anavyolishwa bwana harusi.

"Tafuna, babake Subira," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa pili. "Utulize mdomo, na moyo nao utatulia."

Kibwana aliibana tambuu shavuni bila kuitafuna. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, macho yamemjaa maji, na Twaiba akadhani ni shukrani. Kisha taya likaanza kwenda. Baada ya robo saa magoti yalitulia. Baada ya saa moja alikuwa amelala mkekani, mara ya kwanza tangu aache sigara bila kuguna. Twaiba alifunika uso kwa kanga akalia kwa furaha. Miaka yote hii anawafungia watu, kumbe dawa ya mumewe iko kwenye kikapu chake mwenyewe!

Habari njema haijui kukaa ndani. Siku arubaini zilipotimia Kibwana hajavuta hata moja, imamu alimtaja baada ya sala ya Ijumaa, watu wakampa mkono. Wanawake wenye waume wavutaji walikuja kwa Twaiba kujifunza. Bi Mwanaima, aliyekuwa mtafunaji tangu ujana wake, alitembea kifua mbele akisema dawa ya bara imeshindwa, ya nyumbani imeweza. Kila mtu akataka kuwa na mkono katika jambo hilo. Issa aliweka kopo la tambuu juu ya meza ya duka kwa ajili ya Kibwana peke yake, na hakumtoza. Abubakar alirudi, kwa kuwa sasa alikuwa na kitu cha kufanya mbele ya rafiki yake. Hakuja bila tambuu mfukoni. Ukitaka kujua kijiji kinachompenda mtu, ungekuja Milalani miezi ile.

"Tia kidogo zaidi," Kibwana akawa anamwambia mkewe. "Ukali umepungua." Twaiba alitia. Mume akiomba ukali wa tumbaku badala ya kuomba sigara, wewe ungemnyima? Wiki iliyofuata akaomba tena, na Twaiba akatia tena.

Kidole kilianguka kama Gerishom alivyosema. Hilo hawakulilia sana, walikuwa wamelitarajia. Lakini cha tatu nacho kikaanza baridi. Kisha kisigino kikafunguka kidonda kidogo kisichofunga, kila kikioshwa kinazidi upana. Twaiba alikiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na kila alipomaliza alimpa mgonjwa tambuu ya kumsahaulisha maumivu. Moyoni alianza kumkasirikia Gerishom. Wamefanya alivyosema, wameteseka, na mguu unaoza. Basi yule kijana hajui kazi.

Alikwenda naye kituoni amejiandaa kusema. Safari hii aliingia ndani, akakaa kwenye kiti, na hakukubali kutumwa popote.

Gerishom alifungua kitambaa, akakitazama kidonda, uso ukamwanguka. "Mzee, umerudia sigara."

"Wallahi sijavuta," alisema Kibwana.

"Wallahi hajavuta," alisema Twaiba. "Mimi ndiye shahidi. Miezi minne, daktari! Muulize imamu, muulize mwenye duka. Amevumilia jambo ambalo wewe na vikao vyako hamkuliweza, na mguu unazidi. Sasa sema ni nini."

Gerishom akainama karibu na Kibwana kunusa kama kuna moshi. Moshi haukuwapo. Akamwomba afungue mdomo. Midomo, ulimi, meno, vyote vilikuwa vyekundu.

"Unatafuna nini?"

Aliyejibu ni Twaiba, tena kwa fahari. Alitaja jani, chokaa, popoo, katu. Alipofika kwenye tumbaku alimwona Gerishom akiweka kalamu chini, na sauti yake mwenyewe ikaanza kupungua kabla hajajua kwa nini.

"Mama," Gerishom alisema taratibu, "ni tumbaku ileile. Ukiivuta, ukiinusa, ukiitafuna, damu haijui imepitia wapi." Kisha akamgeukia Kibwana, na upole ukamtoka kidogo. "Lakini wewe nilikuambia. Tulikaa hapa hapa. Nilikutajia tumbaku zote, moja moja. Nilikuuliza kama kwenu mnatafuna, ukaniambia mkeo ndiye fundi wa hiyo kitu. Nikakuambia basi hata hiyo usiiguse. Sikukuambia?"

Kibwana aliutazama mguu wake. Hakukana.

Twaiba alitaka kusema ni uongo, daktari anasema uongo, lakini alimjua mumewe miaka kumi na saba. Alijua anavyonyamaza akionewa, na anavyonyamaza akiwa na kosa. Gerishom alikuwa ameshachukua karatasi, anaandika rufaa ya hospitali kubwa. Alisema neno gangrini, yaani nyama iliyokufa, alisema chini ya goti, alisema Mungu akipenda goti litabaki. Twaiba aliyasikia yote kwa mbali. Jambo lililokuwa karibu naye lilikuwa moja tu: mikono yake. Ilikuwa mapajani mwake, ncha za vidole zimeliwa na chokaa, nyekundu kwa katu, na hakujua aiweke wapi.

Siku ya kuingia hospitalini, wakisubiri kitanda barazani, alimuuliza.

"Ulijua, Kibwana?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu azaliwe Subira.

"Nilijua."

"Kila siku nikikutia mdomoni, ulijua."

"Kila siku."

"Na hukuniambia. Ukaniacha nikushangilie. Ukaniacha niwafundishe watu!"

Kibwana alipangusa uso kwa kiganja. "Siku ile ya kwanza nilitaka kuitema," alisema. "Wallahi nilitaka. Nikakutazama, nikaona umefurahi, nikasema leo tu. Lakini nisikufiche, Twaiba, si furaha yako iliyonizuia. Ningekuambia, ungeninyima. Ndivyo ilivyo. Nilikuogopa wewe kuliko kisu."

Twaiba alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya mawili hayo. Ungemlaumu nani? Mume aliyeficha, au mke aliyezidisha? Alikaa pale na hasira yake na huruma yake mpaka muuguzi akaja kuwaita.

Mguu ulikatwa Jumatatu, chini ya goti. Daktari mpasuaji, mtu mzima asiye na maneno mengi, alimwambia Twaiba kwamba kidonda kitapona ikiwa damu itafika, na damu itafika ikiwa kinywa kile hakitaonja tena tumbaku. Kikionja, watarudi kukata juu ya goti. Na mguu wa kulia, akaongeza, alipoubonyeza mapigo yake yalikuwa hafifu. Twaiba aliitikia kwa kichwa. Jioni ile ile alimpigia Gerishom, akamuuliza afanye nini, nani atamsaidia. Gerishom alimwambia amlete Alhamisi mgonjwa akitoka. Kisha akasema kwa kweli hana jingine, kila mmoja kwenye vile viti yuko na mtu wa nyumbani anayemshikilia. "Mshikilie wewe, mama," alisema.

Akamshikilia. Siku tatu alikaa kando ya kitanda kile kama askari. Alipekua mifuko ya kanzu, alipekua chini ya mto. Abubakar alipokuja alimkuta mlangoni. Twaiba alimweleza, na Abubakar akatoa alichobeba akalia, akaondoka bila kumwona rafiki yake. Issa naye alielezwa. Lakini kijiji kizima alikuwa amekifundisha yeye mwenyewe, miezi minne, kwa mdomo wake, na sasa alitakiwa akifundue mtu mmoja mmoja mlangoni mwa wodi.

Siku ya nne, saa ya kuona wagonjwa, Bi Mwanaima alifika. Twaiba alikuwa ametoka kidogo kumwaga maji. Aliporudi alimkuta bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, amemshika mtoto wa damu yake kichwa, machozi yanamtiririka, na juu ya shuka kuna kifurushi cha majani ya mgomba.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea dawa yake. Najua huku huna nafasi ya kufunga, nimemfungia mwenyewe tangu alfajiri. Nimejitahidi kuziweka kama zako."

Twaiba alijipa upole. Alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote, aliyosema Gerishom na aliyosema mpasuaji, kwamba kilichoukata mguu ule ni tambuu, kwamba ni yeye Twaiba aliyekosea, na kwamba mguu wa pili unatakiwa na kitu hicho hicho.

Bi Mwanaima alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alipandisha kanga yake mpaka magotini, akanyoosha miguu yake miwili, mikavu, mizima, yenye umri wa miaka sabini na tatu.

"Nimetafuna tangu sijaolewa," alisema. "Basi hii mbona sijakatwa? Mwanangu, umechoka. Hawa madaktari wamekutia hofu. Mtoto nimemlea mimi, nitamletea kitu cha kumdhuru?"

Miguu ilikuwa pale, Twaiba anaiona. Alimgeukia mumewe, kwa kuwa ndiye pekee mle wodini aliyejua ukweli kama anavyoujua yeye.

"Mwambie," alimsihi. "Mwambie shangazi yako, Kibwana. Mwambie wewe."

Kibwana alikuwa hamtazami yeyote kati yao. Alikuwa anakitazama kifurushi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, kisiki cha mguu kilichofungwa bendeji kikimtetemeka juu ya mto, na mkono wake wa kulia ulianza kutambaa juu ya shuka.

Twaiba aliudaka. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaung'ang'ania kifuani, akamwita jina lake, akamwita babake Subira, akamtaja Mungu. Bi Mwanaima akasema, "Muache mgonjwa, mwanangu, unamwumiza." Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutazama mwanamke anayegombana na mtu aliyekatwa mguu.

Ile ilikuwa mikono ya mkwezi. Kwa mkono wa kushoto Kibwana alimbandua vidole, kimoja baada ya kingine, bila nguvu nyingi na bila hasira, kwa upole kabisa, kama mtu anayeogopa kumvunja.

"Niwie radhi, mke wangu," alisema, na alikuwa anamaanisha.

Kisha akafungua kifurushi.